Barabara Ilipohama Midia

Katika masomo yote ya fizikia niliyofundisha Arua, nililichukia moja tu. Si umeme, ingawa tulifundisha umeme katika shule isiyokuwa na umeme. Si mwanga, ingawa lenzi zetu ziliibwa zote wakati wa vita, na nadhani mpaka leo kuna mtu anazitumia kuwashia sigara. Nililichukia somo la mwendo, lile linalosema kwamba hakuna kitu kilichosimama wala kinachotembea chenyewe tu. Sharti useme umekipima kutoka wapi. Wanafunzi wangu walilipenda, na nililifundisha vizuri. Lakini kila nikilifikia nilisikia uchungu kifuani, na hasira, na sikuwa na wa kumlaumu ndani ya chumba kile.

Mwanzoni halikuwa hivyo. Tulikuwa tumerudi kutoka Sudan, watu wa Koboko na wa Arua, kidogo kidogo, kila familia kwa wakati wake, baada ya kukimbia vita, mwaka wa sabini na tisa serikali ya askari ilipoanguka, na mwaka uliofuata. Mimi nilipata kazi katika shule moja upande wa Mvara. Madirisha hayakuwa na vioo, nusu ya madawati yalikuwa yamegeuzwa kuni, na kitabu cha fizikia kilikuwa kimoja, changu. Katika ukurasa wa mwendo, kitabu kilimweka mtu ndani ya garimoshi na mwingine kwenye jukwaa la stesheni. Reli haikuwahi kufika Arua. Ningewaeleza watoto wale garimoshi kwanza, kisha jukwaa, kisha tikiti, na kipindi kingekwisha bado tunasubiri kuondoka.

Nikaacha kitabu, nikachukua baiskeli yangu. Tulitoka darasa zima mpaka kwenye mteremko wa barabara ya Mvara. Mwanafunzi mmoja mkubwa aliendesha. Nyuma yake, kwenye keria, nilimkalisha msichana wa Koboko, mtoto wa askari kama mimi. Alikuwa mrefu kuliko wenzake kwa sababu miaka ya shule ilimpotelea kambini huko Sudan. Nilimpa jiwe, nikamwambia alishike mkononi na aliachie atakapofika mbele yetu, asilitupe, aliachie tu. Sisi wengine tulisimama pembeni ya barabara kutazama.

Baiskeli ikapita, jiwe likaanguka. Nikauliza limeangukaje.

Darasani Kiingereza kilikuwa sheria, lakini barabarani kila mmoja alisema kama anavyosema sokoni.

"Imeruka mbele," walisema waliosimama. "Imefuata baiskeli, ndiyo ikaanguka."

"Uongo," msichana alisema akishuka. "Iko anguka chini tu, karibu na mguu yangu. Mimi ndiyo nilikuwa na jiwe. Nyinyi mulikuwa na nini?"

"Sisi tulikuwa na macho!"

Niliwaacha wagombane mpaka wakachoka, maana mwalimu akijua kazi yake anajua pia wakati wa kunyamaza. Kisha nikawaambia kwamba wote wamesema kweli. Aliyepanda ameona jiwe likishuka wima. Waliosimama wameliona likienda mbele huku linashuka, likichora mkunjo. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea. Kila mmoja amepima kutoka alipo. Nikawaonyesha pia kwamba yule mwendeshaji na abiria wake, ingawa walipita mbele yetu kama upepo, kati yao wawili hakuna aliyesogea hata kidogo; waliondoka pamoja wakafika pamoja.

Msichana hakuridhika. "Mwalimu," alisema, "kama hii iko kesi, nani atashinda?"

"Fizikia haina mahakama," nikamjibu.

Walicheka, na mimi nikajipenda sana siku ile. Nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli huku nikitabasamu peke yangu, na nilidhani nimepata somo la kufundisha maisha yangu yote.

Sasa lazima nieleze namna tulivyogawana ardhi kwetu Midia, huko Koboko karibu na mpaka, kwa sababu bila hilo mtu ataona tulikuwa wajinga tu. Pale tulipokaa sisi waliishi askari waliostaafu. Wao ndio waliokata msitu, na waligawana kwa namna wanayoijua askari. Walisimama barabarani, wakaelekea kijitoni, mmoja akatembea kwa hatua za paredi huku anahesabu. Wa kwanza akapewa hatua zake, wa pili zake, na kuendelea mpaka wa mwisho, ambaye shamba lake liliishia kwenye mafunjo ya kijito. Majirani zetu wakulima walipanda miti ya mpaka, au walitumia vichuguu. Sisi tuliwacheka. Mti unakatwa, kichuguu kinabomoka, lakini hesabu ya hatua kutoka barabarani nani ataing'oa? Kila mtoto wa kiume aliijua namba ya kwao kabla hajajua kuhesabu ng'ombe.

Baba yangu alikuwa koplo, na ndiye aliyekuwa wa mwisho, kule kijitoni. Mdogo wake, babangu mdogo, alikuwa sajini, na shamba lake lilipakana na letu kwa upande wa juu. Cheo chake kilimpita kaka yake na hakutuacha tusahau. Baba alifariki kabla ya vita, kwa maradhi ya kawaida, kitandani kwake, bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata. Alizikwa katika kona ya juu ya shamba lake, pale penye udongo mkavu. Sehemu ya chini ukichimba kidogo tu, maji yanakuja. Mama alikuwa akisema mbele ya kila mtu kwamba nafasi iliyobaki pembeni ya kaburi ni yake. Huko Sudan, kila alipougua, hakuomba dawa kwanza. Aliomba tusimzike kule.

Alirudi wa mwisho. Wengine walisharudi, wameshajenga, mimi niko Arua na kazi yangu, yeye bado alikuwa kule ng'ambo, kwa sababu alikuwa na shamba la mihogo ambalo halijakomaa na alikataa kuwaachia nguruwe mwitu jasho lake. Mihogo hiyo ilitugharimu. Siku moja nilimkuta amekaa mlangoni kwangu Arua, vumbi la lori limemjaa mpaka kwenye kope. Hata maji hakutaka.

"Baba yako iko kwa shemeji," alisema. "Wamepima. Kaburi sasa iko ndani ya muhogo yake. Mimi wamenipa matope."

Jumamosi ile nilikwenda. Babangu mdogo alinipokea vizuri, na sikumkuta na aibu yoyote. Alinipeleka barabarani mwenyewe ili nione kwa macho yangu. Alisimama wima, akanyoosha mgongo, akatembea na goti lake bovu akihesabu kwa sauti, nami nyuma yake. Namba ya kwanza, namba ya pili, mpaka yake, na hatua yake ya mwisho ikatua karibu kabisa na kijiti alichokuwa amekichomeka walipopima mara ya kwanza. Kaburi la baba lilikuwa nyuma yetu, kwa upande wake. Mbele yetu kulikuwa na kipande cha nyasi, halafu mafunjo.

"Umeona?" akaniuliza. "Mimi hapana kula hata hatua moja ya mutu."

Na kweli, hesabu ilikuwa sawa. Ningekuwa mtu mwingine ningeondoka. Lakini nilirudi barabarani nikasimama kama mjinga, natazama juu, natazama chini, kwa sababu kuna kitu kilinikera. Katika ujana wangu niliipita njia ile nimekaa juu ya magunia ya lori, na nilikumbuka mahali ambapo magurudumu yalipita juu ya bomba la zege, kalavati ya kupitishia maji ya korongo, na lori likaruka, na sisi tukashika kamba. Barabara niliyosimama haikuwa na kalavati. Ilishuka korongoni na kupanda upande wa pili, juu ya mawe matupu. Nikaingia kwenye kichaka cha upande wa juu na panga la kuazima. Nilikata mpaka mikono ikaota malengelenge, na nikaikuta, imefunikwa na mizizi, ukingo wake bado mzima. Barabara ya zamani ilikuwa huko, imelala chini ya miti.

Mambo yalikuwa wazi kama mchana. Miaka ile watu walipokuwa hawapo, njia iliharibika, na malori ya jeshi yakajichongea njia nyingine upande wa kijito. Malori ya msaada yakafuata alama za magurudumu yao. Mwishowe greda likaja, likaona njia, likaitengeneza. Hakuna aliyeamua kuihamisha barabara. Watu waliporudi walikuta barabara ni barabara, wakasimama juu yake, wakahesabu kwa uaminifu wote, na kila shamba likasukumwa chini kuelekea majini. Wa katikati walipoteza huku na kupata kule. Ni wa mwisho tu aliyekuwa hana pa kwenda.

Nilifurahi. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini nilifurahi kama mwalimu anayefurahi mwanafunzi anapopata jibu. Nilidhani kuonyesha kosa ni sawa na kulisahihisha.

Kamati ya kijiji ilikaa kwenye baraza ya msikiti, kwenye kivuli cha mabati. Nilichora mavumbini: barabara ya kwanza, barabara ya pili, mashamba, kijito. Niliwaeleza kwamba unapopima kutoka kwenye kitu, lazima ujue kama kitu hicho kimetulia. Kisha niliwapeleka wote mpaka kwenye kalavati. Wazee waliipiga kwa fimbo zao. Mmoja alikumbuka lori lililopinduka hapo, mwingine akamkumbusha nani alivunjika mkono, wakacheka, wakanipongeza kwa masomo yangu. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa mtoto wa askari na shamba lake lilikuwa la pili kutoka barabarani, alinishika bega.

"Mwalimu, kweli tumeona. Barabara ilitembea."

Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa na wanawake kwenye mkeka, na alikuwa ameanza kukunja ncha za kanga yake, kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

Tuliporudi barazani mwenyekiti akaendelea. Alisema bila ubaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

"Lakini sikia. Barabara iko ya serikali, sisi hapana weza rudisha. Tukipima kutoka kule kwa zamani, barabara hii itapita katikati ya shamba ya mutu wa kwanza. Na mimi nitavunja nyumba yangu. Na jirani yangu yake. Kwa nini? Sisi wote tulisogea pamoja. Mimi na jirani yangu, kati yetu hakuna kitu ilibadilika. Mama yako peke yake ndiyo iko sema watu wote wametembea."

Alikuwa amesema vizuri kuliko kitabu changu. Mwendeshaji na abiria. Walikuwa wameondoka pamoja wakafika pamoja, na mama yangu alikuwa amesimama pembeni ya barabara anapiga kelele kwamba amewaona wakipita.

"Kijito hakikutembea," nikasema mwishoni. "Na kaburi halikutembea. Pimeni kutoka kaburini. Baba alizikwa kwake."

Hapo babangu mdogo akasimama. Alisimama kama askari, mikono ubavuni, akasema kwa utaratibu: "Kaburi? Kaburi mimi nilitoa. Ndugu yangu alikufa, kwake iko maji. Mimi nikasema, lala kwangu."

Sijui kama aliamini alichosema. Nimekaa na swali hilo miaka mingi. Mama hakuwa na swali. Aliinuka kwenye mkeka mbele ya wanaume wote.

"Uongo! Mimi nilipika ya kula ya watu waliochimba. Nilijua wanachimba kwa nani."

"Mama," mwenyekiti akamwambia pole pole, "tulipopima, wewe ulikuwa Sudan."

"Na wewe? Ulikuwa wapi?"

"Mimi nilirudi mbele yako."

Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo niliisikia tangu utoto nikidhani inazungumzia nyama ya sikukuu. Namba zilibaki kama zilivyopimwa. Tulipewa kipande cha nyasi na mafunjo, na kila mtu alitupa mkono wa heri, na nilitamani kukipiga mateke kile kijiti cha babangu mdogo mpaka kivunjike. Sikukipiga, kwa sababu mama alikuwa ameshatangulia mbele na sikutaka atembee peke yake.

Jumatatu nilikuwa darasani Mvara. Kulikuwa na marudio kabla ya mtihani, na kati ya maswali kulikuwa na lile la mtu anayeangusha kitu kutoka kwenye chombo kinachokwenda. Nililifundisha tena, nimeshika chaki kama nimeshika kitu kichafu. Kipindi kilipokwisha msichana wa Koboko alibaki. Habari za kwetu zilikuwa zimemfikia, maana Koboko habari haina haja ya baiskeli.

"Mwalimu, ulituambia wote wawili wako sawa. Sasa mama yako?"

"Kwenye mtihani, andika wote wawili wako sawa."

"Na nje ya mtihani?"

"Nje ya mtihani, uliza nani alirudi mbele."

Nadhani alikuwa anangoja nicheke. Aliandika nilivyomwambia na akafaulu vizuri, na somo hilo niliendelea kulifundisha mwaka hadi mwaka, kwa baiskeli ileile na mteremko uleule, kwa watoto ambao kila mara waligombana kwa furaha kuhusu jiwe. Niliacha kuwatania. Walioniona wakati huo walisema nimekuwa mkali, na walisema kweli.

Mama alijenga kwenye kile kipande cha nyasi. Alikataa kuja kukaa kwangu Arua. Alisema akiondoka tena watapima tena. Alipanda magimbi, maana magimbi hayaogopi maji, na ukuta wa nyumba yake ulikuwa na unyevu mpaka kiunoni kila msimu wa mvua. Kila Ijumaa alipanda juu mpaka kwenye muhogo wa shemeji yake akiwa na jembe, akapalilia kaburi la mumewe, akarudi. Hakupiga hodi hata siku moja. Babangu mdogo alimwona akipita na hakumzuia, na kutozuiwa huko kulimkasirisha kuliko kuzuiwa. Mama aliniambia laiti angemfukuza, angalau wangegombana kama watu wenye haki sawa.

Kifua cha mama kilianza kuharibika katika miaka ya tisini. Nilimpeleka hospitali, akapata nafuu, akarudi kwenye magimbi yake. Mara ya mwisho nilipomkuta amelala, alinishika kifundo cha mkono na hakuniachia.

"Utanizika na baba yako," alisema. "Lakini hapana omba. Ukiomba, iko yake."

Nikamwambia sitaomba.

Alikufa alfajiri, katika mwezi wa mvua nyingi. Kwetu maiti hailali, na sheikh alikuwa ameshafika kabla jua halijapanda. Niliwachukua vijana wawili wa jirani, tukaanza kuchimba kwetu, ndani ya mpaka wao wa kijiti, mahali palipoonekana pakavu zaidi. Tulifika magotini, maji yakaanza kutoka pembeni. Tukahama juu kidogo. Maji. Tukahama tena mpaka jembe likagusa mihogo ya babangu mdogo, na hata hapo shimo lilijaa maji ya rangi ya chai, na mmoja wa wale vijana akaacha jembe akaniangalia. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wameshamaliza kumwosha mama.

Kaburi la baba lilionekana kutoka tulipokuwa. Mtu angeweza kuzungumza naye bila kupaza sauti.

Ningeweza kuchimba pale bila kusema na mtu. Nilifikiria. Lakini watu hawazikani kwa wizi, na maiti haisubiri ugomvi, na sheikh alikuwa ananitazama. Nikanawa miguu kwenye lile shimo, nikapanda katikati ya mihogo mpaka nyumbani kwa babangu mdogo, nikasimama uani na matope kwenye suruali.

"Hodi," nikasema.

Alitoka haraka, mzee sana sasa, akivaa kofia yake. Msiba alikuwa ameshausikia, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio cha kweli, hilo sitamnyima. Nikamwomba nafasi pembeni ya kaburi la kaka yake. Hakuniacha nimalize. Alinikumbatia na matope yangu yote, akaita wanawe walete majembe, akasema yeye mwenyewe ataonyesha pa kuchimba, tena pazuri, pakavu.

"Karibu, mutoto yangu," alisema. "Karibu sana. Hapa iko kwenu."

Kwa Kiswahili chochote, cha Arua au cha pwani, neno karibu mtu huambiwa akiwa mgeni tu. Na mgeni ana jibu lake. Nilisimama na mkono wake begani, nikamjibu:

"Asante, baba. Nimeshakaribia."